Rafiki yangu amekuta albamu yake kwenye kompyuta yangu, na sikuinunua

Shikamoo Anti,

Nina jambo ambalo nikiwasimulia watu wanaliona dogo, lakini mimi limeninyima raha kwa wiki tatu sasa. Naomba uniambie ukweli hata kama unauma.

Mimi ni mwanamume wa miaka 44, na muziki naupenda tangu utotoni. Tangu nilipoanza kupokea mshahara wangu mwenyewe nimekuwa nikinunua CD, na sasa zimezidi 200. Miaka kadhaa iliyopita niliona zinaanza kukwaruzika, nikaamua kuzihamishia kwenye kompyuta. Kila jioni nilikuwa naingiza mbili tatu, naandika jina la kila wimbo, mwaka, hata aliyepiga gitaa, kama kijitabu cha ndani kinavyosema. Kazi hiyo ilinichukua karibu mwaka mzima. Kisha nyimbo hizo nikazitia kwenye simu na kwenye flashi ya gari, na nakala moja nikaiweka kwenye diski ya nje, endapo kompyuta itaharibika.

Tatizo ni kwamba sikuishia kwenye CD zangu. Kazini wakijua unapenda muziki wanakuletea wa kwao. Nilikuwa naazima, nakopi usiku, narudisha asubuhi. Albamu za namna hiyo zimefika kama 40. Hizo sikuandika majina ya nyimbo, nilikuwa na haraka. Nyimbo nyingine chache nilizipata kwenye zile tovuti zinazogeuza video kuwa faili ya sauti.

Sasa, nina rafiki yangu wa miaka mingi, dada mmoja anayepiga besi kwenye bendi ndogo. Albamu yao waliirekodi kwa kuchangishana wenyewe, na CD walikuwa wanaziuza kwa mikono yao baada ya onyesho. Usiku wa uzinduzi nilikuwepo. Sikuwa na fedha taslimu, nikamwambia nitaichukua siku nyingine. Sikuichukua. Miezi michache baadaye nikakuta mwenzangu wa kazini anayo, nikaazima, nikakopi.

Wiki tatu zilizopita alikuja nyumbani na wanawe. Akaketi kwenye kompyuta yangu awatafutie watoto wimbo wa kucheza. Akaona folda yenye jina la bendi yao, akaifungua. Ndani mlikuwa na Wimbo 01, Wimbo 02, mpaka Wimbo 11. Akageuka akaniuliza, "Hii uliinunua lini?" Nikamjibu kwamba niliikopi kwa mtu wa kazini. Akasema "Aa," akaifunga, akaendelea kutafuta wimbo wa watoto. Hatujaizungumza tena. Lakini tangu siku ile nikimtumia ujumbe ananijibu neno moja.

Mke wangu anasema nakuza mambo, kila mtu anakopi, na kusikiliza nyumbani si biashara. Dada yangu naye anasema vyote nilivyofanya ni wizi, hata kuhamisha CD zangu mwenyewe. Hapo hapo mwanawe, mpwa wangu wa miaka 17, ananibembeleza nimnakilie diski nzima. Isitoshe nilishapanga kuziuza zile CD, kwa kuwa kabati limejaa na nyimbo zote ninazo. Sijui tena lipi ni halali na lipi si halali.

Mpenda Muziki Asiye na Raha


Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama mahali pamoja: Wimbo 01, Wimbo 02. Nitarudi hapo. Kwanza nimjibu dada yako, maana neno "wizi" amelimwaga juu ya kila kitu, na likimwagwa hivyo linakufanya ushindwe kuona ni wapi hasa ulipokosea.

CD uliyoilipia ukaihamishia kwenye kompyuta yako, simu yako na flashi ya gari lako, ukawa unaisikiliza wewe mwenyewe, hiyo si wizi. Hakuna aliyepungukiwa. Msanii alishalipwa kwa CD ile, na masikio yanayousikia muziki wake ni yaleyale. Hata nakala ya akiba kwenye diski ya nje sina neno nayo. Mtu aliyetumia mwaka mzima wa jioni zake kuandika nani alipiga gitaa anautunza muziki, hauibi.

Sheria ndiyo haina kauli moja. Mkataba wa Berne wa 1886, ambao nchi nyingi duniani zimejenga sheria zao za hakimiliki juu yake, ulirekebishwa Stockholm mwaka 1967. Unaziruhusu nchi kukubali kunakili katika hali maalumu, mradi soko la kawaida la kazi hiyo lisiharibiwe na mwenye kazi asiumizwe isivyo haki. Kila nchi ikaupima mlango huo kwa kipimo chake. Ujerumani mwaka 1965 waliona hawawezi kumfuata kila mtu sebuleni kwake, wakaweka tozo kwenye mashine za kurekodia ili fedha ziwafikie wenye kazi. Nchini Marekani mwaka 1999, kampuni za rekodi ziliposhtaki watengenezaji wa kifaa kidogo cha kusikilizia faili za MP3, mahakama ya rufaa ilisema kuhamisha nyimbo ulizonazo ili utembee nazo ni matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Australia waliiandika ruhusa hiyo kwenye sheria yao mwaka 2006.

Kisa cha Uingereza nakisimulia kwa kirefu kidogo, kwa sababu kinamhusu rafiki yako kuliko unavyodhani. Huko serikali iliruhusu watu kunakili CD zao wenyewe kwa matumizi binafsi kuanzia Oktoba 2014. Vyama vya wanamuziki na watunzi vikaenda mahakamani. Shida yao haikuwa mtu kuhamisha nyimbo zake kwenye simu. Walichouliza ni hiki: kama nakala zinaruhusiwa, mbona mwenye kazi hakutengewa fidia yoyote? Mahakama ikaona serikali haikuwa na ushahidi wa kutosha kwamba wasanii hawapotezi kitu, na Julai 2015 ruhusa ikafutwa. Ruhusa ile ilidumu miezi tisa tu. Kwa hiyo lile lile ambalo kwa dhamiri yangu halina doa, mahali pamoja limeandikwa kuwa halali, pengine linavumiliwa, na pengine ni kosa ambalo ni vigumu kumwona mtu akishtakiwa kwalo. Tafuta sheria ya hakimiliki ya nchi unayoishi, usome kifungu kinachotaja matumizi binafsi. Mara nyingi ni kifupi, nusu ukurasa, na hakihitaji wakili. Angalia pia wanasemaje kuhusu kufuli za kidijitali, yaani vizuizi vinavyowekwa ili kazi isinakiliwe, maana sehemu nyingi kuvunja kufuli iliyowekwa kwenye diski au faili ni kosa linalojitegemea, hata kama diski ni yako. Marekani walilipitisha hilo mwaka 1998.

Sasa zile albamu 40.

Hapo dada yako amekaribia. Sheria bado zinagawanyika. Ujerumani, penye tozo, nakala ya CD ya kuazima kwa ajili ya sikio lako mwenyewe inaruhusiwa, kwa sababu msanii anapata chochote kupitia tozo ile. Australia wanataka CD uliyoinakili iwe mali yako. Na kwa nyimbo zilizotoka mahali pasipo halali, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema wazi mwaka 2014 kwamba ruhusa ya nakala binafsi haizigusi. Hivyo zile ulizozitoa kwenye tovuti za kugeuza video, zifute leo. Sitazungumza zaidi juu ya hizo. Zina sauti mbaya, na unajua zilipotoka.

Lakini weka sheria pembeni kidogo. Mimi ni wa zama za kanda. Nilikuwa nikikaa mbele ya redio kidole kikiwa juu ya vitufe viwili, cha kurekodi na cha kucheza, nikisubiri mtangazaji anyamaze ili nisimpate na yeye kwenye wimbo. Kila mara nilimpata. Wimbo wangu ulianza na nusu ya sentensi ya mtu, ukaishia na taarifa ya habari. Kanda hiyo nilipomrekodia shoga yangu, yake ikawa na mvumo, na ya mdogo wake ikawa mvumo mtupu wenye mtu anayeimba kwa mbali. Miaka ya 1980 kampuni za rekodi za Uingereza zilieneza kampeni kwamba kurekodi nyumbani kunaua muziki. Muziki haukufa, na sababu mojawapo ni ule mvumo. Kanda ilikuwa na breki yake. Aliyependa wimbo kwelikweli hatimaye aliutafuta wa asili.

Faili haina breki. CD imehifadhi sauti kama namba, 44,100 kwa kila sekunde kwa kila upande, wa kushoto na wa kulia, na ukinakili namba, namba ya nakala ni ileile. Ya mia moja haina tofauti na ya kwanza. Mwenzako wa kazini alipokuazima CD moja, kwa saa chache za usiku ikawa mbili, na hakuna kitakachokusukuma tena kuitafuta ya asili, kwa kuwa ya asili unayo. Ndiyo maana kuazima CD na kunakili CD ya kuazima si kitu kimoja. Ukiazima, mwenzako anakaa bila. Ukinakili, wote wawili mnayo na mmoja ndiye aliyelipa.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Wimbo mmoja unaoupakia kwa dakika moja una mali mbili ndani yake: utunzi, yaani maneno na melodia, na rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa. Mtunzi ana haki yake, aliyegharimia rekodi ana yake, na waliopiga na kuimba wana yao. Kwenye bendi ndogo watu hao mara nyingi ni walewale wanne au watano, waliolipia studio kwa saa, wakarudia besi mara 20 kwa sababu kamba moja ililia vibaya. Hawana kampuni ya kuwatafutia tozo. Walichonacho ni boksi la CD mlangoni baada ya onyesho.

Mkeo ana hoja moja ya kweli: kunakili bila biashara si sawa na kunakili kwa kuuza, na sheria nyingi zinamshukia anayeuza kwa uzito mkubwa zaidi. Lakini kwamba kila mtu anafanya, hilo ndilo lililomfikisha rafiki yako alipo. Kila mtu huyo ni mnunuzi mmoja wake.

Hizo 40 usizihukumu kwa siku moja, utachoka utaacha. Zipitie kidogo kidogo. Nina hakika zaidi ya nusu hujazigusa tangu usiku ule uliozikopi, hizo futa bila majonzi. Zile unazozipenda, nunua, moja kwa mwezi, kwa namna yoyote ambayo fedha inamfikia mwenyewe. Ukichagua huduma za kusikiliza kwa malipo ya mwezi ni sawa pia, ila ujue kwamba nyimbo unazoshusha humo umezikodi. Ukiacha kulipa zinafungwa, na kuzitoa humo kwa ujanja kunakurudisha palepale.

Kuhusu kuuza CD: diski ni yako, una haki kamili ya kuiuza. Ila huwezi kuiuza ukabaki na nyimbo zake. Hiyo ni sawa na kuuza nyumba ukabaki na ufunguo. Kanada waliliandika hili waziwazi katika mabadiliko ya sheria ya mwaka 2012: ukiiuza au kuigawa CD uliyonakili, kwanza ufute nakala zako zote. Australia nako, ukiiuza ile ya asili, ulinzi wa nakala unapotea. Nami nakubaliana nao, hata kwa nchi ambazo hazijaandika hivyo, kwa sababu CD ile ndiyo inayozifanya faili zako ziwe za haki. Kinachojaza kabati lako ni yale maboksi ya plastiki. Toa diski na vijitabu vyake, vitie kwenye mifuko laini, na zote 200 zitaingia kwenye mkoba mmoja. Maboksi ndiyo uyagawe.

Mpwa wako usimpe diski. Najua inauma kumnyima kijana muziki, na sitaki umnyime. Mwazime CD. Hata sheria ya Australia niliyoitaja inakubali kumwazima mtu wa familia au wa nyumba yako, mradi ni kwa matumizi yake ya nyumbani. Mchagulie kumi ambazo wewe ulizisikiliza ukiwa na umri wake, mpe kwa mkono, mwambie akimaliza azirudishe achukue nyingine. Faili 3,000 akipewa kwa mpigo hatazisikiliza. Atazipitisha kwa wenzake darasani jioni hiyohiyo, na hapo umeshakuwa duka. CD kumi atazijua, na mtakuwa na la kuzungumza atakapozirudisha.

La rafiki yako nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo lililokufanya uandike.

Umelichukulia swali lake kama la askari. Soma tena. Hakuuliza umeipata wapi. Aliuliza, "Hii uliinunua lini?" Mwanangu, yeye alidhani umenunua. Alikumbuka kwamba usiku ule ulimwahidi, akaona folda, na kwa muda wa kufumba na kufumbua alifurahi kwamba ahadi uliitimiza kimyakimya. Kisha ukamjibu. Na kabla hujamjibu alikuwa ameshaona zile namba. Mtu anayeandika majina ya wapiga gitaa wa watu asiowajua, nyimbo za rafiki yake kaziacha Wimbo 01 mpaka Wimbo 11. Mwaka 1928 mkataba wa Berne uliongezewa haki moja isiyohusu fedha hata kidogo: haki ya mtunzi kutambuliwa kuwa kazi ni yake. Sisemi folda ya nyumbani kwako imevunja mkataba. Nasema waliokaa kuandika sheria hizo walijua kwamba mtu anaweza kulipwa na bado akaumia kwa kutotajwa. Wewe hukumlipa wala hukumtaja.

Usimtumie fedha kwa simu zikiwa na ujumbe wa samahani. Hilo litamfanya ajione amekudai. Usimweleze pia habari za Ujerumani na Australia, hizo zilikuwa zako wewe utulie. Ifute ile folda kwanza, uende kwake ukiwa huna. Mwambie hivi: "Usiku ule nilikuambia nitaichukua siku nyingine, sikuichukua, nikaikopi. Nisamehe. Imebaki hata moja niinunue?" Kisha unyamaze, umwache aseme atakalosema, hata kama ni zito. Kama CD zimekwisha, yeye ndiye atakuambia namna anayotaka.

Ukishaipata, ihamishe kama ulivyozihamisha zako 200, polepole, na kijitabu kikiwa wazi mezani. Andika majina yote 11. Na pale ambapo kijitabu hakikutaja nani alipiga nini, mpigie simu umuulize.